Khutba ya Ijumaa: Haki ya Wazazi wa Mtoto Mwenye Usonji

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Aliyewaumba wanaadamu kwa sura na tabia mbalimbali, Akamjua kila mmoja wao kabla mamaye hajamjua. Tunamshukuru, tunamwomba msaada, na tunamtaka msamaha. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, pamoja na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baad.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu! Najiusia nafsi yangu kwanza, kisha nakuusieni nyinyi mlio msikitini na nyinyi mnaosikiliza majumbani, tumche Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Maudhui yetu leo ni wazazi waliopewa mtoto mwenye hali iitwayo usonji, na nitawataja zaidi wale wa nyumba za Kiarabu hapa Ujiji na Kigoma. Nisieleweke vibaya. Hali hii haichagui. Wamo Wamanyema, wamo Waha, wamo Wabembe, na wamo wengine wote. Lakini bibi yangu mzaa baba alitoka katika nyumba hizo, zilizotokana na watu walioingia hapa katika karne ya 19 kwa njia ya Bagamoyo na Tabora, nami naijua milango hiyo. Najua inavyofunguliwa kwa mgeni, na najua pia inavyofungwa panapotokea jambo ambalo watu wameamua kuliita aibu.

Mtoto mwenye usonji huzaliwa kama watoto wengine, tena mara nyingi huwa na sura nzuri na afya njema. Hata anapokaribia mwaka mmoja au miwili, mama huanza kuona mambo. Anamwita jina lake, hageuki. Hanyooshi kidole kuonyesha anachokitaka. Maneno hayaji, au yalikuwa yameanza kuja kisha yakapotea. Hupanga vitu safu moja siku nzima, na ukikiondoa kimoja hulia kama aliyefiwa. Wengine huziba masikio kwa kelele ambazo sisi hatuzioni kuwa ni kelele. Wengine hawali ila chakula cha namna moja tu. Na wako miongoni mwao wenye akili kali ya hisabu au ya kuhifadhi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 katika kila watu 127 alikuwa na hali hii. Basi hesabuni nyumba za mtaa wenu.

Waarabu huiita hali hii *tawahhud*, neno lenye asili moja na wahidi, yaani kuwa peke yake. Mimi nimesoma sarufi ya Kiarabu tangu utoto, na neno hilo nilidhani nimelifahamu. Nililifahamu kweli siku nilipogundua kuwa mpweke mkubwa katika nyumba ile hakuwa mtoto. Walikuwa baba na mama yake.

Nitakuelezeni kisa hicho, ingawa kinaniaibisha. Ramadhani moja, katika sala ya tarawehe, baba mmoja alikuja na mwanawe wa miaka sita. Kipaza sauti kilipolia, mtoto aliziba masikio, akaanza kupiga kelele na kujitikisa mbele na nyuma. Watu walikohoa, wengine wakanung'unika. Nilipotoa salamu nikageuka, nikamwonyesha yule baba mlango kwa kidole. Sikusema neno. Alimbeba mwanawe akatoka, wala sikumwona tena katika jamaa, si Ijumaa wala Idi, kwa muda wa miaka miwili. Na mimi ndiye niliyekuwa nikiwasomesha vijana hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akiingia katika sala akiwa na nia ya kuirefusha, kisha akisikia kilio cha mtoto huifupisha, kwa kujua mama yake anavyotaabika moyoni. Hakumtoa mama, wala hakumtoa mtoto. Aliifupisha sala yake yeye.

Nilipokwenda nyumbani kwao kuomba radhi, yule baba alinipokea kwa kahawa na tende, kama desturi yao. Akaniambia, "Maalim, mimi sikukasirika. Nilichoka tu." Na mama, aliyekuwa nyuma ya pazia, akasema, "Maalim, tazama mlango." Nikatazama. Mlango ulikuwa na makomeo matatu, moja chini, moja kati, moja juu kabisa. Nikauliza sababu. Akanijibu kuwa mtoto hupenda maji, wala haijui hatari ya maji. Usiku mmoja alifungua mlango, na alfajiri wavuvi waliokuwa wakirudi na dagaa wao wakamkuta amesimama ziwani, maji yamemfika kifuani, anacheka. Tangu usiku ule mama hajapata kulala usingizi wa mfululizo. Huamka kila saa kwenda kupapasa makomeo.

Ndugu zangu, sisi tumeishi na ziwa hili maisha yetu yote. Twaona uzuri wake, twala migebuka yake. Mama yule alisikia wimbi likipiga ufukweni, naye akasikia mauti.

Qur'ani Tukufu, katika Surat Al-Qasas, inatueleza habari za mama wa Nabii Musa, aliyeamrishwa kumtia mwanawe mtoni. Inatuarifu kuwa moyo wake ulibaki mtupu, na alikaribia kuidhihirisha siri yake lau Mwenyezi Mungu asingeutia nguvu. Huyo ni mwanamke aliyepata ahadi kutoka kwa Mola wake, na hata hivyo alihangaika. Kisha tazameni alivyofanya: alimwambia dada yake mtoto amfuatilie. Yule binti akawa anatembea kandokando, anamwangalia mdogo wake kwa mbali. Mama alikuwa na imani, na pamoja na imani yake alikuwa na mtu wa kumsaidia kuangalia. Mama wa mlango wenye makomeo matatu, je, ana nani?

Hana mtu, na sababu tunaijua. Shangazi wamesema mtoto amechezewa na majini. Mawifi wamesema mama alikosa jambo alipokuwa na mimba. Upande wa mume wasema ila hii imetoka kwa mke, na upande wa mke wasema imetoka kwa mume. Wakubwa wakaagiza mtoto asitolewe mbele ya wageni, ili dada zake wasikose wachumba. Hivyo nyumba nzima, kwa ajili ya kulinda jina, ikawafungia watu watatu katika chumba kimoja.

Maneno ya kumlaumu mama hayakuanza Ujiji. Leo Kanner, daktari wa Marekani aliyeandika habari za watoto 11 wa namna hii mwaka 1943, na waganga wengine waliomfuata, waliwahi kudhani kuwa sababu yake ni ubaridi wa wazazi. Akina mama wengi waliteseka kwa dhana hiyo. Mwaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwenyewe alikuwa baba wa mtoto mwenye usonji, alitoa kitabu kuibatilisha, na elimu imemthibitisha. Leo yajulikana kuwa chanzo kimo katika ukuaji wa ubongo, na urithi una sehemu kubwa, wala si malezi. Kadhalika wako wanaosema ati ni chanjo. Makala ya mwaka 1998 iliyotangulia kuleta shaka hiyo huko Uingereza ilifutwa mwaka 2010 na jarida lenyewe lililoichapisha. Wala si maradhi ya Wazungu: Victor Lotter alipozunguka miji ya Afrika katika miaka ya 1970, Kenya ikiwamo, aliwakuta watoto hao.

Ama kisomo, mimi sikikatazi. Kumsomea mtoto Qur'ani na kumwombea ni jambo jema, na huwatuliza hata wazazi. Lakini mtu anayetoza fedha, akamfunga mtoto kamba, akampiga kwa kudai anampiga jini, huyo ni dhalimu, na mzazi anayemwacha afanye hivyo atakuja kuulizwa. Mtoto asiyefahamu kalamu imeinuliwa juu yake, haandikiwi dhambi. Sisi tunaofahamu, kalamu inaandika.

Jambo la pili ni subira. Hili sisi masheikh tumelitumia vibaya. Mama akija na taabu yake, twamwambia, "Subiri, una ujira mkubwa," kisha twaenda zetu kula. Maneno ni ya kweli, lakini yamekuwa njia ya kumnyamazisha. Nabii Yaaqub, amani imshukie, ndiye tunayemtolea mfano wa subira njema, na Surat Yusuf yatuambia kuwa alihuzunika kwa ajili ya mwanawe hata akapoteza uoni. Alilalamika kwa Mola wake. Hakuna aliyemwambia imani yake ni dhaifu ila wasiojua. Basi baba anayelia usiku kwa ajili ya mwanawe yu pamoja na Yaaqub.

Nyumba hizi za Ujiji zina jamaa Oman, na simu huenda na kurudi. Huko mwaka 2011 ilikadiriwa kuwa wenye usonji hawafiki watoto 2 katika 10,000. Mwaka 2019 hesabu ikawa kama 20. Siamini kuwa watoto waliongezeka namna hiyo kwa miaka minane. Naamini waliokuwa wamefichwa walianza kupelekwa kwa waganga. Mwaka 2016 wataalamu wa huko walichapisha uchunguzi waliowalinganisha wazazi, wakaona kuwa wazazi wa watoto wenye usonji walikuwa na dhiki, wasiwasi na huzuni ya kuvunja moyo kuliko wazazi wa watoto wenye udhaifu mwingine wa akili, na kuliko wazazi wa watoto wasio na tatizo. Na ni Qatar, nchi ya Kiarabu, iliyopeleka kwa Umoja wa Mataifa mwaka 2007 azimio la kuifanya tarehe 2 Aprili kuwa siku ya hali hii duniani. Ikiwa Waarabu wa huko wamelisema jambo hili mbele ya mataifa yote, kwa nini jamaa zao wa Ujiji walifiche nyuma ya pazia?

Enyi Waislamu! Mpelekeni mtoto hospitali mapema, muanzie hapa kwetu Maweni. Kadiri anavyoanza kufundishwa akiwa mdogo ndivyo anavyofaidika. Yapo madarasa ya watoto hawa nchini, kama lile la Shule ya Msingi Msimbazi Mseto, Dar es Salaam, na sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2010 yampa mtoto haki ya kusoma. Lakini kutoka Kigoma hata Dar es Salaam kwa reli ni kama kilometa 1,250, na si kila baba anayeweza nauli. Mwenye kutoa zaka na atazame hapo. Mwalimu wa chuo asimpige mtoto huyu kwa kutojibu. Na baba, usivuke kwenda Kongo kwa biashara ukakaa mwaka, ukamwachia mkeo makomeo matatu.

Msikitini kwetu tumeshusha kipaza sauti, na safu iliyo karibu na mlango ni ya yule baba na mwanawe. Wakitoka katikati ya sala, hakuna anayegeuka. Wanawake wa mtaa wamepanga siku zao za kukaa na mtoto baada ya Adhuhuri ili mama alale. Sisi wanaume watatu tumegawana jioni. Yangu ni Jumanne. Hapendi kushikwa mkono. Hutangulia mbele kando ya ufuko, anahesabu mitumbwi kwa sauti, na hakosei. Nami hutembea upande wa maji.

Nasema maneno yangu haya, na namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na kwa ajili yenu. Nanyi mwombeni, hakika Yeye ndiye Mwingi wa kusamehe.