Kuitunza Nyumba ya Kupanga Wakati wa Masika na Kipupwe

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwaka, Nyali)



Kamati imenitaka niseme machache juu ya kuitunza nyumba ya kupanga wakati wa mvua na baridi. Nilisita kidogo, kwa kuwa mimi ni karani wala si fundi, na chombo nikijuacho ni kalamu. Lakini Bwana Katibu aliniambia, "Wewe umekaa katika nyumba za kupanga miaka kumi na miwili, nawe umelowa humo. Waeleze uliyoyaona." Basi nitasema niliyoyaona.

Jamaa zetu wa Limuru hucheka wakitusikia tukitaja baridi ya Mombasa, maana hata mwezi wa Julai na Agosti joto la usiku kwetu hushuka mpaka kama digrii 20 tu. Ni kweli. Walakini baridi yetu ni baridi ya maji. Kusi huanza kuvuma mwezi wa Aprili, ikaja pamoja na masika. Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kupita yote. Kisha kipupwe huingia mwezi wa Juni na kuzikuta kuta zimekwisha lowa. Nyumba iliyolowa haipashi mtu joto hata akijifunika mablanketi mawili, na wa kwanza kukohoa ni mtoto mdogo.

Kuna sababu ya nyumba nyingi za Kisauni kuchakaa upesi. Twaujua sote ule mtindo wa pwani wa nyumba bila ardhi. Kiwanja ni cha mtu mmoja. Jengo ni la mwingine, naye humlipa mwenye kiwanja kodi ya ardhi. Na vyumba, vitatu upande huu wa ukumbi na vitatu upande ule, hukaliwa na sisi wapangaji. Mwenye kiwanja husema jengo si lake. Mwenye jengo huogopa kutia mawe na saruji, asije akaambiwa aondoke. Mpangaji husema, "Mimi mpita njia, kwangu ni bara." Basi nyumba yenye wenyewe watatu hukaa kama yatima, na mvua haimwulizi mtu hati yake.

Naomba ruhusa nijitaje mwenyewe. Mwaka mmoja chumba changu kilikuwa na tundu dogo pembeni mwa paa. Sikumwambia mwenye nyumba, kwa kuwa nilidhani akitengeneza atapandisha kodi. Niliweka sufuria, na kwa masika mawili sufuria ile ndiyo iliyokuwa fundi wangu. Kumbe maji yaliyoikosa sufuria yalikuwa yakishuka ndani ya ukuta wa udongo. Fito zikaoza, mchwa wakaingia. Usiku mmoja wa mwezi wa Mei upande mmoja wa ukuta ukaanguka juu ya kitanda cha mwanangu. Namshukuru Mwenyezi Mungu, mtoto alikuwa ameogopa radi, akaenda kulala kwa mamaye. Asubuhi mwenye nyumba alikuja, akatazama, akaniuliza neno moja tu: "Mbona hukuniambia?" Sikuwa na jawabu. Wahenga walikwisha nena, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami niliujenga, kwa fedha nyingi kuliko kodi niliyokuwa naiogopa.

Sasa nitataja mambo yanayotupasa.

Kwanza, paa. Litazameni mwezi wa Machi, kabla kusi haijaanza. Simameni ndani mchana, mlango umefungwa. Popote mwanga upitapo, maji nayo yatapita. Mabati yetu huliwa na hewa ya chumvi, na kutu huanza kwenye matundu ya misumari. Msumari uliolegea ubadilishwe, na tundu lizibwe kwa lami. Kama ni makuti, yaliyooza yang'olewe na mapya yafumwe mahali pake.

Pili, mguu wa ukuta. Nyumba ya udongo hufa kuanzia chini. Maji ya paa yakidondoka karibu na ukuta huula msingi kidogo kidogo, na bandu bandu huisha gogo. Chimbeni mfereji wa kuyapeleka maji mbali, wala msiyaelekeze kwa jirani. Kazi hii haihitaji fundi. Jembe moja na asubuhi moja zatosha.

Tatu, unyevu wa ndani. Pumzi zetu, mvuke wa chungu na nguo mbichi zilizoanikwa chumbani hugeuka maji zinapokutana na ukuta baridi, ndipo kuvu nyeusi ikaota. Fungueni madirisha kila jua litokapo, hata kwa saa moja. Kitanda na kabati vikae mbali na ukuta kadiri ya shibiri, hewa ipite. Na ukuta ukikauka, upakwe chokaa, kwa kuwa kuvu haipendi chokaa.

Nne, nawaomba mnisikilize sana: jiko la makaa. Mvua ikinyesha, jiko huingizwa ndani. Baridi ikizidi, mlango hufungwa. Makaa mekundu yasiyotoa moshi ndiyo yanayodanganya watu. Hutoa hewa ya sumu, iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo huingia katika damu na kukaa mahali pa hewa njema, hata mtu akalala asiamke. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu. Wakiona hivyo watu wawili wa chumba kimoja, msiseme ni homa. Watoeni nje upesi, kisha mtafute tabibu. Kupikia ni ukumbini penye hewa au chini ya upenu, na jiko lisilale chumbani na watu hata usiku mmoja. Blanketi la tatu ni rahisi kuliko sanda.

Tano, maji. Mwamba wetu huku ni wa matumbawe, wenye nyufa nyingi, na mvua kubwa huyachukua maji ya choo cha shimo mpaka kisimani kwa haraka. Wakati wa masika maji ya kisima yachemshwe kabla ya kunywewa. Tena mapipa na mitungi ifunikwe. Mbu wa homa ya dengue, iliyoenea Mombasa mwaka 2013, 2017 na 2021, huzaa katika maji safi yaliyowekwa, naye huuma mchana. Chandarua cha usiku peke yake hakimzuii.

Sita, na hapa nimefika katika kazi yangu mwenyewe. Mali bila daftari hupotea bila habari. Siku ya kuingia nyumbani, andikeni hali ya paa, kuta, milango na taa, mpangaji na mwenye nyumba watie sahihi. Likitokea tundu, mpelekee barua ya adabu yenye tarehe, nakala ubaki nayo. Mkipatana kwamba mpangaji atengeneze na gharama ikatwe katika kodi, mapatano hayo yaandikwe kabla msumari wa kwanza haujapigwa, na risiti zitunzwe. Maneno ya mdomo hulowa upesi kuliko karatasi.

Bwana Mwenyekiti, namaliza kwa shauri moja. Kila mwaka, kaskazi ingali inavuma, wapangaji wa kila nyumba wakutane ukumbini pamoja na mwenye nyumba, waizunguke nyumba mara moja, na kila mtu ajue sehemu yake: mwenye nyumba paa na nguzo, sisi mfereji, usafi na taarifa. Nyumba si yetu, nakubali. Lakini watoto wanaolala ndani yake ni wetu.