Picha Imesambaa, Lakini Ina Wenyewe

Tarehe 12 Oktoba 2019, watu walifurika katikati ya Eldoret kumtazama mwanariadha Eliud Kipchoge kwenye skrini kubwa akikimbia umbali wa marathoni huko Vienna, Austria. Alipokata utepe kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, picha yake na kaulimbiu ya "No Human Is Limited" zikaenea simu kwa simu. Katika mji unaoishi kwa mbio, mwenye mashine ya kuchapisha tisheti hujiuliza jambo moja siku kama hiyo: je, ninaruhusiwa kuchapa?

Kabla ya kuwasha mashine, ajue kwamba kitu kilichosambaa mtandaoni huweza kuwa na wenyewe watatu.

Wa kwanza ni aliyepiga picha. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, haki yake huzaliwa picha inapopigwa, hata kama hajaisajili popote, na hudumu miaka 50. Akiwa ameajiriwa na gazeti, kwa kawaida haki hiyo ni ya gazeti. Picha kupakiwa Facebook au TikTok hakuifanyi kuwa mali ya umma, na kuandika jina la mpiga picha pembeni mwa tisheti si sawa na kupewa ruhusa.

Wa pili ni mwenye sura. Wakenya wanamkumbuka Martin Kamotho, aliyepigwa picha akila githeri kutoka kwenye mfuko wa plastiki katika foleni ya kura, Agosti 8, 2017. Siku chache baadaye nchi nzima ilikuwa ikimwita Githeri Man, na Desemba mwaka huo akapewa nishani ya Rais. Picha ile ilikuwa moja, lakini mwenye kamera alikuwa mtu mmoja na mwenye sura mwingine. Leo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mtu aridhie waziwazi kabla taarifa zake, sura ikiwemo, hazijatumiwa kibiashara. Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data alitangaza faini ya shilingi 1,850,000 kwa ukumbi wa burudani wa Casa Vera, Nairobi, kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Shule ya Roma, iliyotumia picha za watoto bila idhini ya wazazi, ilitozwa 4,550,000.

Wa tatu ni mwenye jina au kaulimbiu. Maneno mafupi kwa kawaida hayalindwi na hakimiliki. Hulindwa yakiwa alama ya biashara. Disney iliomba kusajili "Hakuna Matata" nchini Marekani mwaka 1994, ikapewa 2003, ingawa bendi ya Them Mushrooms ya Kenya ilikuwa imeyaimba maneno hayo tangu 1982. Malalamiko makubwa yalizuka mwishoni mwa 2018, miaka 15 baada ya usajili. Ndiyo maana mbunifu wa Eldoret mwenye msemo unaovuma anapaswa kwenda mapema KIPI, taasisi inayosajili alama za biashara. Ombi hutangazwa kwa siku 60 ili mwenye pingamizi ajitokeze, na alama ikisajiliwa hulindwa kwa miaka 10 inayoweza kuongezwa.

Bendera na nembo ya taifa nazo zina sheria yake. Kuzitumia katika biashara kunahitaji kibali cha maandishi, hata kama tisheti imechapwa kumshangilia bingwa.

Ruhusa nayo ina mipaka. Kampuni ya Marekani iitwayo Grenade iliruhusiwa kutumia sura ya paka maarufu wa mtandaoni, Grumpy Cat, kwenye kahawa baridi ya chupa. Ikaenda mbele na kuuza kahawa ya kusaga na tisheti. Januari 2018, mahakama ya California iliiamuru ilipe dola 710,001.

Grenade ilikuwa na mawakili. Kijana wa Eldoret anayetaka kuchapa tisheti 50 kwa ajili ya wikendi moja ya mbio hana, na mara nyingi hajui hata ampigie nani. Hapo ndipo penye kazi. Mameneja wa wanariadha, wapiga picha na wachekeshaji wa mtandaoni wanapaswa kuuza ruhusa ndogo ndogo: karatasi moja inayotaja picha gani, bidhaa gani, ngapi, kwa muda gani na mgao wa kila upande, ikiwa na sahihi zote mbili. Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, tayari inasajili kazi kupitia mtandao. Serikali ya Kaunti ya Uasin Gishu inaweza kuikaribisha bodi hiyo, pamoja na KIPI, kukutana na wachapishaji mjini Eldoret kabla ya kila msimu mkubwa wa mashindano, na kuwapa mfano wa mkataba huo kwa Kiswahili.