Kabla ya Kuita Harambee ya Wakili Wetu

(Maneno haya tuliyasema mbele ya vikundi vya kujisaidia vilivyokutana katika ukumbi wa parokia. Wengi walituomba tuyaandike ili wayasome na wenzao waliobaki nyumbani. Tumeyaacha karibu kama yalivyosemwa.)



Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo linalotufikia kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yakitoka. Kijana amefaulu. Baba anasema, "Huyu atasoma sheria. Na sisi tutakuwa na wakili wetu." Kabla jua halijatua kadi za harambee zimeshaanza kuandikwa, na kijana mwenyewe bado hajaulizwa.

Hatukuja kumkataza mtu. Kusoma sheria ni jambo jema, na nchi inahitaji mawakili waliokua wakichota maji mtoni kama sisi. Tumekuja kuwaeleza njia yote jinsi ilivyo, tangu fomu foo hadi siku ya kuapishwa. Sisi wenyewe tuliwahi kuipima nusu tu, na ilituuma.

KIJANA WETU

Kikundi chetu kilimsomesha kijana mmoja. Hatutamtaja jina, kwa maana kosa halikuwa lake. Katika mtihani wa kidato cha nne alipata C+. Kiingereza C+, Kiswahili B-. Alikuwa mwenye bidii, na akisimama kuongea watu wote hunyamaza. Tukasema, "Huyu ni wakili wa kuzaliwa."

Chuo fulani kikamwambia kwamba hawezi kuingia shahada ya sheria moja kwa moja, lakini aanze na diploma ya sheria, na akipita vizuri atapanda. Tukafurahi. Diploma ikachukua miaka miwili, shahada miaka minne. Tuliuza ndengu, tukauza mbuzi. Akina mama walichanga kila mwezi, hata miezi ile ambayo mvua ilikataa kabisa. Siku ya mahafali tulikodi matatu tukaenda na ngoma yetu.

Baada ya hapo aliketi kujaza maombi ya masomo ya uwakili. Hapo ndipo aliposoma masharti vizuri kwa mara ya kwanza, akaona yanamrudisha kwenye cheti cha kidato cha nne: C+, na tena B katika Kiingereza au Kiswahili. Yeye alikuwa na B-. Alikuja kwetu jioni na ile karatasi mkononi. Tulikaa kimya muda mrefu.

Hebu fikirini, jamani. Miaka sita ya jasho la watu arobaini, na katika watu arobaini hao hakuna hata mmoja aliyekuwa ameuliza, "Baada ya shahada, kuna nini?"

NGAZI ZENYEWE NI HIZI

Wengi wetu hudhani aliye na shahada ya sheria ni wakili. Sivyo. Shahada ni ngazi ya pili kati ya nne.

Ngazi ya kwanza ni kidato cha nne. Kanuni zinazosimamiwa na Baraza la Elimu ya Sheria zinataka wastani wa C+ na alama ya B katika Kiingereza au Kiswahili. Angalieni hapo. Ni B kamili, si B-. Na ni Kiingereza AU Kiswahili. Wazazi wengi hudharau Kiswahili wakisema ni somo la kupita tu. Kumbe B ya Kiswahili inafungua mlango uleule unaofunguliwa na B ya Kiingereza.

Ngazi ya pili ni shahada ya sheria katika chuo kikuu. Ni miaka minne. Hapa nchini kitivo cha kwanza kilianza Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 1970. Kabla ya hapo waliotaka shahada hiyo walikwenda Uingereza, au Dar es Salaam kuanzia 1961. Siku hizi vyuo ni vingi, vya serikali na vya binafsi. Mwanafunzi husoma katiba, mikataba, makosa ya jinai, sheria za ardhi, za jamii, za ushahidi na kadhalika.

Ngazi ya tatu ni masomo ya uwakili katika Kenya School of Law, iliyoko Karen, Nairobi. Huko hufundishwa kazi yenyewe: jinsi ya kuendesha kesi ya madai na ya jinai, kuandika hati, kuuza na kununua ardhi, kushughulikia mali ya marehemu, na maadili ya kazi. Mitihani hutungwa na Baraza, na masomo ni tisa. Wengi huanguka somo moja au mawili, ikabidi wayarudie na kulipa tena. Pamoja na hayo kuna miezi sita ya kujifunza kazi chini ya wakili mzoefu. Miezi hiyo wengi hulipwa kidogo sana, na wengine hawalipwi kitu, na wakati huohuo wanalipa kodi ya nyumba mjini.

Ngazi ya nne ni kuapishwa mbele ya Jaji Mkuu na jina kuandikwa katika orodha ya mawakili. Hata hapo bado, kwa sababu kila mwaka wakili hulipia cheti cha kumruhusu kufanya kazi.

Jumlisheni. Minne ya chuo, karibu mmoja na nusu baadaye, na miezi ya kungojea katikati. Ni kama miaka sita kwa yule ambaye hakukwama popote.

NJIA YA DIPLOMA

Sasa tuseme juu ya ile njia iliyomponza kijana wetu. Aliye na diploma ya sheria aliyopita vizuri anaweza kukubaliwa kusoma shahada. Hilo ni kweli, na chuo hakikudanganya. Lakini mlango wa chuo na mlango wa shule ya mawakili ni milango miwili, na kila mmoja una ufunguo wake. Sheria inayohusu shule ya mawakili ilipitishwa mwaka wa 2012. Tangu hapo wanafunzi wengi wamekwenda mahakamani kubishana juu ya maana ya masharti yake, hasa wale waliopanda kwa njia ya diploma. Wako walioshinda, wako walioshindwa.

Shauri letu ni hili: msijenge nyumba juu ya kesi ambayo haijaamuliwa. Mtoto asiye na B ya lugha aulize kwanza, kwa maandishi, na jibu liwe la maandishi. Tena aulize Baraza na shule ya mawakili, si chuo peke yake. Chuo kinatafuta wanafunzi. Mwenye duka hawezi kukuambia kitambaa chake kinachuja.

Kuna na jambo la leseni. Si kila chuo kikuu kinachokubaliwa nchini kimepewa pia leseni ya kufundisha sheria. Leseni hiyo hutolewa na Baraza, na imewahi kutokea Baraza likaamuru vitivo vifungwe. Kabla ya kulipa hata shilingi moja ya karo, ulizeni Baraza kama leseni ya chuo hicho iko na inaisha lini. Barua moja ni bei rahisi kuliko mbuzi mmoja.

NANI ANATAKA KUSOMA SHERIA?

Swali hili wazee hawalipendi, lakini tutaliuliza. Ni mtoto anayetaka, au ni sisi?

Sisi tunataka wakili kwa sababu tuna kesi za mashamba. Tunadhani akirudi atatutetea bure. Lakini wakili amefungwa na maadili. Ndugu wawili wakigombania shamba moja, hawezi kuwasimamia wote wawili. Na hapa kwetu, kesi gani ya shamba isiyokuwa ya ndugu? Huyo mtoto mliyemchangia nyote, siku akisimama upande wa mmoja, mwingine atasema, "Nilitoa mbuzi wangu bure." Tusimsomeshe mtu ili tumtie kwenye mtego huo.

Tena tunadhani sheria ni kuongea. Kijana akibishana sana nyumbani tunasema ni wakili. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya sheria ni kusoma na kuandika. Mwanafunzi hukaa na hukumu ya kurasa sitini akitafuta sababu moja iliyomfanya jaji aamue alivyoamua. Yule msichana mkimya anayesoma mpaka gazeti lililofungia sukari anaweza kufaa kuliko msemaji wetu wa mikutano.

Kwa hiyo, nyinyi vijana, fanyeni hivi. Mahakama zetu ziko wazi kwa watu wote. Vaa vizuri, zima simu, nenda ukakae kwenye benchi la nyuma siku mbili au tatu. Utaona kesi zikiahirishwa, faili zikitafutwa, wakili akisimama dakika tano baada ya kungoja asubuhi nzima. Ukitoka hapo na bado moyo unakuambia ndiyo, basi ni ndiyo yako mwenyewe.

Na wasichana wasiogope. Jaji Mkuu Martha Koome alizaliwa kijijini huko Meru, binti wa wakulima. Alipata shahada ya sheria Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 1986, na mwaka wa 2021 akawa mwanamke wa kwanza kuwa Jaji Mkuu wa Kenya. Kati ya 1986 na 2021 kuna miaka thelathini na mitano ya kazi. Sheria ni mti wa mwembe, si mahindi ya miezi mitatu.

PESA

Harambee moja haisomeshi wakili. Inalipa muhula wa kwanza, watu wanapiga makofi, halafu mtoto anaachwa. Ngazi ya tatu ndiyo inayosahauliwa kabisa. Ada yake peke yake imepita laki moja, na inakuja wakati wachangaji wamechoka na wanauliza, "Si alishamaliza?"

Nafasi za vyuo hugawanywa kupitia KUCCPS, na mikopo hutolewa na Helb. Mpango wa serikali wa kugharimia wanafunzi umebadilishwa na kupelekwa mahakamani tangu 2023, kwa hiyo msitegemee habari za mtoto wa jirani aliyeingia zamani. Ulizeni upya kila mwaka. Bazari za eneo bunge na za kaunti ziombwe mapema. Na mjue mkopo ni deni la kijana, si zawadi.

Kikundi kinachotaka kusaidia kifungue akaunti ya miaka sita, mchango mdogo kila mwezi, na sehemu iwekwe kando tangu mwanzo kwa ajili ya ngazi ya tatu. Yaandikwe pia makubaliano na kijana: tunakupa nini, nawe utatufanyia nini.

KIJIJI KISINGOJE MIAKA SITA

La mwisho. Haja nyingi za kisheria hapa kijijini hazihitaji wakili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawatambua wasaidizi wa kisheria, watu waliofunzwa kueleza wenzao haki zao na kuwaonyesha pa kwenda. Mtu wa kikundi chenu anaweza kufunzwa kazi hiyo kwa muda mfupi zaidi. Tena kuna mahakama za madai madogo, zilizoanza kazi mwaka wa 2021. Zinasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, mtu anaweza kujisimamia mwenyewe, na sheria inataka kesi iishe kwa siku sitini. Aliyekopa pesa za kikundi akakataa kulipa anaweza kupelekwa huko bila kungoja mtoto wa mtu ahitimu.

Mtauliza, yule kijana wetu yuko wapi? Yuko. Anafanya kazi katika chama cha ushirika, anaandika mikataba ya wakulima na kuisoma kabla haijatiwa sahihi. Mwaka uliopita aliona kifungu kimoja ambacho kingewafanya wakulima wauze ndengu kwa bei ya mnunuzi misimu mitatu. Akakataa, kikaondolewa. Elimu yake haikupotea. Lakini anapotupita njiani akiwa na faili zake, sisi hukumbuka kwamba tulimchagulia njia bila kuitembea kwanza kwa macho. Tulimwomba msamaha. Yeye ndiye aliyetuambia tuje tuwaambie nyinyi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika vijana wetu wanaosoma sheria au wanaotaka kuisoma, ni nani ameulizwa mwenyewe anataka nini?

2. Alama zao za Kiingereza na Kiswahili ni zipi? Nani ameziona kwa macho?

3. Tuna mtu wa kuandika barua kwa Baraza la Elimu ya Sheria kabla ya karo kulipwa? Ataiandika lini?

4. Ni nani kati yetu anaweza kufunzwa kuwa msaidizi wa kisheria mwaka huu?

Sasa tusikie kutoka kwa wale vijana walio karibu na mlango.