Gari Linalochemka Kila Safari

Maneno ya hotuba iliyotolewa mbele ya wenye magari, madereva na mafundi wa Kitui na Makueni



Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo wengi hulicheka likimpata jirani, nalo ni kuwa na gari lisiloaminika. Simaanishi gari lililokufa kabisa, maana hilo husukumwa chini ya mwembe, kuku wakataga mayai ndani yake, na habari zake zimekwisha. Namaanisha gari lililo nusu hai. Leo lawaka, kesho lagoma. Lafika Wote salama, na kurudi lavutwa kwa kamba.

Huku kwetu gari si pambo. Kutoka Ikutha au Kyuso mpaka mji wa Kitui si mwendo wa kwenda kwa miguu na mgonjwa, na usiku matatu ni shida kupatikana. Kwa hiyo mtu mmoja akinunua gari, majirani wote huhesabu ya kuwa wamepata gari. Mama akishikwa na uchungu saa nane ya usiku, mlango unaogongwa ni wa mwenye gari. Gari hilo likichemka katikati ya njia, mahali pasipo nyumba wala mawasiliano ya simu, hasara si ya mwenyewe peke yake. Hiyo ndiyo sababu ya kulizungumza jambo hili mbele ya watu wazima, si kwa mzaha.

Watu hulaumu uzee wa gari. Ni kweli kwamba magari yetu mengi huja kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu kuandikishwa mara ya kwanza. Lakini gari hilo likisha kupita mikononi mwa watu wawili watatu Nairobi, hufika Mbooni au Mwingi likiwa na miaka 15 au 20. Hata hivyo uzee peke yake si ugonjwa. Wazee waliopo hapa wanayakumbuka mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, yalianza magari zaidi ya 80, na yaliyomaliza ni 7 tu. Mengi ya hayo yaliyoshindwa yalikuwa magari mazuri. Bali mwaka 1965 mshindi alikuwa Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, pamoja na ndugu yake Jaswant, na Volvo waliyoendesha ilikuwa imekwisha kutumika katika mashindano kabla ya kufika mikononi mwao. Joginder mwenyewe alikuwa fundi wa magari. Nafikiri hilo lilimfaa kuliko upya wa gari lo lote.

Sasa tuje kwenye rejeta, maana huku Ukambani ndiko mabaya mengi yaanziako.

Injini huchoma petroli, na sehemu kubwa ya moto ule haisukumi gari. Ni lazima uondolewe. Maji huzunguka ndani ya injini, yakauchukua moto, yakapita katika vijia vyembamba vya rejeta, na upepo ukayapoza. Mnajua kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100. Lakini hiyo ni pwani. Mji wa Kitui uko juu ya bahari kiasi cha mita 1,100, na mahali kama hapo maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzi 96 hivi. Kwa nini basi gari zima halichemki? Ni kwa sababu ya kifuniko cha rejeta. Kifuniko kile kina springi na mpira. Huyabana maji yasipumue, na maji yaliyobanwa huweza kupita nyuzi 110 bila kuchemka. Springi ikichoka au mpira ukipasuka, gari huchemka mlimani, hata kama rejeta ni nzima na pampu ni nzima.

Kitu hicho kidogo ndicho watu wasichokitazama. Gari limechemka kwenye mlima wa Kilungu, dereva anasimama, anaomba maji kwenye nyumba iliyo karibu. (Nasema kando kidogo: maji yale yameletwa na mama kwa punda au mgongoni, pengine kutoka kisima kilichofukuliwa katika mchanga wa mto. Lita kumi anazomwagia injini ni maji ya kupikia ya nyumba ile. Yafaa dereva awe na dumu lake mwenyewe.) Basi anajaza, anakwenda. Kesho yake anajaza tena, na safari hii maji yametoka katika kisima kirefu cha kuchimbwa. Visima vingi vya namna hiyo huku Kitui na Makueni vina maji ya chumvi. Tazameni ndani ya birika lenu la chai: ule ukoko mweupe unaoshika chuma, ndio huo huo unaoshika vijia vya rejeta, nayo ni myembamba kuliko mrija wa kunywea. Vikizibwa nusu, gari huchemka hata kwenye tambarare.

Hapo ndipo kunapoanza uganga. Mmoja huvunja yai ndani ya rejeta ili kuziba mahali panapovuja. Yai huziba kweli, lakini halijui kuchagua. Huziba tundu linalovuja na vijia vinavyopitisha maji. Mwingine huing'oa themostati na kuitupa, akisema ndiyo inayozuia maji. Themostati ni mlango. Huyazuia maji injini ikiwa baridi, na huyafungulia yakipata moto. Katika injini nyingi mlango huo pia hufunga njia ya mkato, ili maji ya moto yasirudi kwenye injini bila kupitia rejeta. Ukiung'oa, njia ya mkato inabaki wazi, na gari huweza kuchemka zaidi kuliko mwanzo. Kama imekwama, inunuliwe nyingine. Bei yake si kubwa.

Gari likiendeshwa hivyo miezi michache, kichwa cha injini hupinda kwa moto na gasketi huungua. Maji huingia katika oili. Ukichomoa kijiti cha kupimia, oili ina rangi ya chai ya maziwa. Oili ya namna hiyo hailainishi tena, na vyuma vya ndani huanza kulana. Mwenyewe sasa ameuza mbuzi kwa ajili ya gasketi, na baada ya mvua atauza ng'ombe kwa ajili ya injini. Atawaambia watu kwamba gari limemharibikia mara tano mwaka huu, na huenda akatafuta ni jirani gani mwenye kijicho. Kwa hesabu yangu gari lile liliharibika mara moja tu, pale kwenye kifuniko, wala halikutengenezwa hata leo.

Mtawalaumu mafundi? Wapo wababaishaji, hilo halifichiki. Lakini mara nyingi fundi wa chini ya mti hufanya lile aliloambiwa. Mteja amekuja na shilingi mia tano, ana haraka, anasema, "Fanya nifike tu." Naye amemfanya afike. Ukitaka ugonjwa wenyewe utafutwe, liache gari kwake kutwa, mwambie akuonyeshe kilichoharibika, na ukichukue mkononi kifaa cha zamani kabla ya kulipa.

Kuhusu maji yenyewe: tumieni kulanti, yaani maji ya dawa ya rejeta yauzwayo madukani, kama maandishi ya chupa yaelezavyo. Yanapunguza kutu na ukoko. Ikiwa lazima mwongeze maji, basi yawe ya mvua. Nyumba nyingi hapa zina tangi la maji ya mabati. Chupa mbili tatu zikiwekwa ndani ya gari zatosha. Wala mtu asifungue kifuniko injini ikiwa moto. Maji yale yaliyobanwa huruka kwa nguvu na kuunguza uso na macho.

Nimesema rejeta kwa urefu kwa kuwa ndiyo inayotusumbua zaidi. Vumbi nalo lina sehemu yake; barabara ya Kibwezi kupitia Mutomo hadi Kitui imepata lami, lakini njia za kuingia vijijini bado ni vumbi, na chujio la hewa lataka kutazamwa mapema kuliko kitabu cha gari kisemavyo, maana waliokiandika hawakuwa wakiendesha gari huku.

Jambo gumu zaidi ni kujua wakati wa kuachana na gari. Wekeni daftari. Tuseme gari lako lingeuzwa leo kwa shilingi 250,000, nawe kwa miezi 12 umelipa fundi na spea shilingi 9,000 kila mwezi. Hizo ni 108,000, bila petroli wala bima. Gari la namna hiyo lakula karibu nusu ya bei yake kwa mwaka. Mwenyewe asiyeandika huzikumbuka elfu tisa za mwezi huu tu, na husema kwamba mwezi ujao litatulia. Akiamua kuuza, amwambie mnunuzi kwamba gasketi iliungua, tena jina la mwenye gari libadilishwe upesi katika maandishi ya serikali. La sivyo makosa ya barabarani ya mtu mwingine yatamrudia yeye.

Fundi aliyeketi hapa mbele ameleta rejeta mbili zilizokatwa katikati, moja iliyotumia maji ya kisima na nyingine iliyotumia kulanti. Ameleta pia vifuniko vitatu, naye yuko tayari kukipima kifuniko cha gari lo lote lililosimama hapo nje, mradi injini iwe imepoa.