Habari Haziji Bure: Mlipaji Ni Nani?

Kila asubuhi, mbele ya meza ya muuza magazeti, watu husimama, husoma vichwa vya habari, kisha huondoka bila kununua. Hatuwalaumu. Hata hivyo, yafaa tujiulize: mwandishi aliyekesha akiifuatilia habari ile, mshahara wake unatoka wapi?

Kwa miaka mingi ulitoka kwenye matangazo. Bei aliyolipa msomaji ilifidia sehemu tu ya gharama. Nyingine zililipwa na watangazaji wa bidhaa, zabuni na nafasi za kazi. Sehemu kubwa ya matangazo hayo sasa imehamia kwenye majukwaa kama Google na Facebook, na vyumba vingi vya habari vimepunguza waandishi.

Ndiyo maana vyombo vya habari vinatafuta njia nyingine za mapato. The New York Times la Marekani liliweka mfumo wa kuwatoza wasomaji wa mtandaoni mwaka 2011. The Guardian la Uingereza liliacha tovuti yake wazi kwa wote, likaomba michango ya hiari. Kwa jirani zetu Kenya, tovuti ya Nation ilianza kutoza ada mwaka 2021. Wapo pia wanaoandaa makongamano au kuchapisha makala yaliyodhaminiwa.

Njia hizi ni halali, lakini kila moja inamtaka mtumiaji awe macho.

Kwanza, usajili wa kulipia. Kabla hujathibitisha malipo kwenye simu, soma ada ni kiasi gani, ni ya siku, wiki au mwezi, na kama itakatwa tena yenyewe muda ukiisha. Tafuta pia namna ya kujitoa. Huduma inayoonyesha mlango wa kuingilia na kuficha wa kutokea haistahili fedha yako. Hifadhi ujumbe wa malipo. Ukikatwa isivyo halali, mwandikie mtoa huduma kwanza. Asipokujibu, lete malalamiko yako kwetu pamoja na ujumbe huo.

Pili, makala yaliyodhaminiwa. Hapa hasara yaweza kuzidi ada yoyote. Makala ya kusifu mradi wa viwanja au dawa yaweza kuandikwa kwa mtindo wa habari ilhali yamelipiwa na muuzaji. Tafuta maneno kama “tangazo” au “imedhaminiwa na”. Usipoyaona, na makala yote ni sifa bila swali hata moja, usitoe akiba yako kabla ya kuuliza kwingine.

Ndugu watumiaji, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tukitaka mwandishi ahoji matumizi ya fedha za halmashauri yetu, lazima apatikane wa kumlipa. Tukikataa sote, atalipwa na mwenye jambo la kuficha. Basi anayeweza na alipe, akijua analipia nini, kwa muda gani, na atajitoaje akitaka.