MAISHA YA MAMA MWENYE KANSA YA TITI YAPIMWEJE?

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kapsoit



Leo twataka kusema habari za wenzetu wanawake waliopatwa na kansa ya titi, ambayo wengine huiita saratani, kisha wakarudi kazini. Neno letu ni moja: hali ya mama huyu hujulikana kwa kumwuliza yeye mwenyewe, na majibu yake yapasa kubadili kazi anayopewa.

Kwanza tujue ukubwa wa jambo. Kwa makadirio ya wataalamu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka wa 2020 wanawake wapatao milioni 2.3 ulimwenguni waliambiwa wana ugonjwa huu. Hapa Kenya walikuwa zaidi ya 6,000 mwaka huo mmoja. Basi msidhani ni ugonjwa wa watu wa mbali. Upo katika nyumba za kambi zetu.

Sisi watu wa majani chai twaijua mizani. Ukipeleka kikapu chako, karani hutazama na kuandika kilo. Lakini mizani ile haisemi kama aliyechuma alilala usiku, wala kama mkono wake wauma. Madaktari nao kwa muda mrefu walipima hivyo hivyo. Walitazama kama uvimbe umepungua, na kama mgonjwa yu hai. Hayo ni mambo makubwa, lakini si yote. Tangu 1948 katiba ya Shirika la Afya Duniani imesema kwamba afya si kukosa ugonjwa tu, bali ni kuwa na hali njema ya mwili, ya moyo na ya kuishi na watu.

Kwa hiyo wataalamu wakatengeneza mizani ya namna nyingine. Chama cha madaktari wa kansa cha Ulaya, chenye makao yake Brussels, kilitoa mwaka wa 1993 karatasi ya maswali 30. Mwaka wa 1996 yakaongezwa maswali 23 kwa ajili ya wenye kansa ya titi peke yao. Mgonjwa huulizwa habari za juma lililopita. Je, aweza kutembea na kufanya kazi zake? Alala vizuri? Ana hofu? Ugonjwa umemtia katika shida ya fedha? Mkono wavimba, wauma, au ni vigumu kuuinua? Auonaje mwili wake sasa? Maswali karibu yote hujibiwa kwa daraja nne, tangu "hapana kabisa" mpaka "sana". Kisha majibu hugeuzwa kuwa hesabu ya 0 mpaka 100. Tofauti ya pointi 10 hivi huhesabiwa kuwa badiliko ambalo mgonjwa mwenyewe alisikia mwilini mwake, si mchezo wa namba.

Angalieni, ndugu zetu: anayejibu ni mgonjwa. Hajibu daktari, wala mume, wala nyapara.

Sasa tuje shambani. Katika upasuaji wa titi, mara nyingi tezi za kwapani nazo huondolewa. Tezi hizo ndizo zinazosaidia maji ya mwili kupita. Zikiondolewa, au zikipigwa na mionzi, maji yaweza kukosa njia, na mkono ukavimba, baada ya miezi au hata miaka. Mkono ule ukikwaruzwa na kijiti cha chai, kidonda kidogo chaweza kuleta homa na uvimbe mkubwa. Fikirini basi kazi ya mchumaji: mikono imenyooshwa mbele kutwa nzima, vidole havipumziki, kikapu kimening'inia mgongoni na mikanda yake yabana bega. Naye hulipwa kwa kilo. Kilo zikipungua, mshahara wapungua, na mtu asiyejua husema, "Huyu amekuwa mvivu."

Si uvivu. Lakini pia si kweli kwamba mama huyu hafai kazi tena. Zamani wagonjwa waliambiwa wasiinue kitu kizito maisha yao yote. Mwaka wa 2009 wataalamu wa Marekani walitangaza matokeo ya wanawake 141 waliokuwa na mkono uliovimba. Walioinua uzito mdogo mdogo, wakiongeza polepole na kwa kusimamiwa, mikono yao haikuvimba zaidi ya wenzao, na matatizo ya mkono yalipungua. Maana yake ni hii: mkono urudishwe kazini hatua kwa hatua, kwa kipimo. Kumtupia mama kikapu kizima siku ya kwanza ni kosa. Kumfukuza kabisa ni kosa pia.

Na siku za ugonjwa je? Sheria ya Kazi ya 2007 yampa mfanya kazi, baada ya miezi miwili ya kazi mfululizo, siku 7 kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara katika kila miezi 12, akileta cheti cha daktari. Hicho ndicho kiasi cha chini. Lakini dawa kali za kansa hutolewa kwa zamu, mara nyingi kila baada ya majuma matatu, kwa miezi kadhaa. Mionzi hutolewa siku tano kwa juma, kwa majuma kadhaa, na mtu wa Kapsoit huifuata Nakuru, Eldoret au Nairobi. Nauli ni yake, na malazi ni yake. Siku 14 zatosha nini? Ndiyo sababu jambo hili ni la meza ya mapatano, si la hospitali peke yake.

Basi twaomba kila tawi lichague wanawake wawili wanaoaminika. Mwenzetu akitoka hospitali, wamwulize kwa faragha, kwa lugha aijuayo vizuri:

1. Mkono wainuka mpaka wapi? Waweza kuanika nguo na kubeba maji?
2. Walala usiku?
3. Ulikuwa ukichuma kilo ngapi, na sasa ngapi?
4. Nauli na dawa zimekula nini nyumbani: chakula, au karo ya watoto?
5. Una hofu au aibu gani, na nani anakusaidia?

Waulize tena baada ya miezi mitatu, na baada ya mwaka, wapate kulinganisha. Majibu ni mali ya mama huyo. Yasifike kwa nyapara wala kwenye kilinge cha pombe. Yeye akikubali, na ajue kwamba ana haki ya kukataa, ndipo chama kitayachukua, pamoja na barua ya daktari, kwenda kwa meneja na kumwombea kazi nyepesi, glavu za kukinga mkono, na mshahara usiofuata kilo mpaka nguvu zirudi.

Maswali haya si badala ya daktari. Mkono ukiwa mwekundu, wa moto na wenye homa, mama aende hospitali siku ile ile, asingoje tawi.

Na ninyi kina baba, msiwaache wake zenu wakanyamaza. Titi lenye kivimbe, ngozi iliyobonyea au chuchu inayotoa damu si jambo la kuficha. Wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa, na kuchelewa hupunguza miaka ya kuishi na raha ya miaka inayobaki.

Kilo zetu zimeandikwa kila siku tangu tulipoanza kazi. Sasa na tuandike pia jinsi wenzetu wanavyoishi, tupate la kusema mbele ya meneja.