Tamasha lililofutwa kwa ajili ya ndege

Msikilizaji, mwaka 2019 tamasha kubwa la muziki lilifutwa mjini Chicago, Marekani. Sababu? Ndege wawili wadogo, piping plover, waliotaga kwenye mchanga wa ufukwe wa Montrose, kando ya Ziwa Michigan. Wakazi waliwaita Monty na Rose.

Kwa nini jambo hili lina uzito? Mayai yao yana rangi ya mchanga. Mpita njia huyakanyaga bila kujua, na mbwa asiyefungwa huwatimua wazazi. Katika eneo lote la Maziwa Makuu ya Marekani, ndege wa aina hii waliwahi kubaki jozi zisizofika 20.

Ndipo wakajitokeza watu wa kujitolea. Hupokezana zamu ufukweni, huchunga vifaranga, na huwaeleza wageni kwa upole kwa nini wazunguke mbali kidogo. Hawana mamlaka ya kumkamata mtu. Silaha yao ni darubini na ulimi.

Sasa tugeukie upande wa pili. Ufukwe ni mali ya umma, kiangazi cha Chicago ni kifupi, na tamasha ni riziki ya mafundi, wachuuzi na wanamuziki. Hasara ya kulifuta si ya kubezwa.

Hata hivyo, matunda yapo: Imani, mtoto wa Monty na Rose aliyeanguliwa mwaka 2021, alirudi Montrose na mwaka 2024 akapata vifaranga vyake.

Je, msikilizaji, ungekubali kipande cha ufukwe wako kifungwe mwezi mzima kwa ajili ya mayai manne?